SANDUKU LILIKUWA TUPU!!! Huyu "mtaalamu wa mikao" anataka nife au?

Wakuu, naandika nikiwa nimelala chali sakafuni, simu nimeishika kwa mkono wa kushoto maana wa kulia umegoma tangu mchana. Jamaa mnamjua, msiniulize ni nani. Yule mwenye kalamu nne mfukoni na saa ya kuhesabia sekunde, anapita kwenye laini ya kiwandani kama anakagua gwaride.

Leo kasimamisha zamu nzima. Nikajua stuli zimefika. Kumbe kaniita MIMI mbele, kisa jana nilisema mgongo unauma. Eti "tatizo lako ni mkao". Akachukua sanduku, akachuchumaa, akanyanyuka nalo huku anatabasamu, watu wakapiga makofi. Sanduku lilikuwa TUPU. Hewa, wakuu. Kainua hewa yenye pembe nne!

Langu mimi lina kilo 18. Liko chini ya goti, nalifuata huko huko, najipinda nusu duara, nalipandisha juu ya bega. Mara mbili kwa dakika, na mkanda wa laini unaosogeza kazi haunisubiri nichuchumae kwa madaha. Hapo katikati nafunga skrubu za juu, mikono hewani kama nimeshikiwa bunduki, bisibisi ya upepo inatetemesha mpaka meno yanagongana. Usiku vidole vinakufa ganzi, naamka kukung'uta mkono. Mke wangu anadhani napigana na jini.

Na yeye kainua TUPU. Mwishoni kwa vidole viwili! Halafu ananiambia mbele ya watu, "Umeona? Ni akili, si mgongo." AKILI! Nikauliza tu kama meza inaweza kupandishwa ifike kiunoni. Akajibu meza haina tatizo, haijawahi kulalamika. Akaenda kukaa kwenye kiti chake cha kuzunguka. Chenye mto.

TUPU, wakuu.

Kidole_Gumba: Pole mkuu. Ila "hewa yenye pembe nne" nimecheka hadi kiuno kimekaza, sasa nami siwezi kuinuka.

Mzee wa Zamu: Kilo 18 unalia? Sisi tulikuwa tunabeba mashine yenyewe.

Kidole_Gumba: Na sasa hivi unatembeaje mzee?

Mzee wa Zamu: Kwa fimbo. Lakini hiyo si hoja.

Vipimo: NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, hesabu yao ya kikomo cha mzigo wa kuinua inaanzia kilo 23, na hizo ni pale mzigo uko karibu na mwili, kimo kizuri, hujipindi, na huinui mara kwa mara. Kila sharti likivunjika kilo zinakatwa. Mleta uzi kavunja yote, kwa hiyo hiyo 18 si ndogo kabisa. Mambo haya ya kazi kuumiza mwili daktari Ramazzini kule Italia aliyaandika mwaka 1700.

Chuma_Chakavu: Msomi kaingia. Huyo Ramazzini yuko laini ya ngapi?

Mama Cherehani: Nyie mnaoinua angalau mnapata kunyooka. Mimi shingo imeinama siku nzima, stuli ina miguu mitatu na nusu. Nikigeuka kuitwa nageuka mzima mzima kama kabati.

Chuma_Chakavu: Sisi tuligawiwa mikanda ya kufunga kiunoni. Tunaonekana wanyanyua vyuma, maumivu yale yale.

Vipimo: Hiyo mikanda NIOSH walishasema tangu 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa inamkinga mtu ambaye hajaumia.

Chuma_Chakavu: Wewe NIOSH wanakulipa?

Kidole_Gumba: Kwetu tumeletewa "mzunguko wa kazi" ili misuli ipumzike. Natoka kufunga skrubu za kushoto naenda kufunga skrubu za kulia.

Mama Cherehani: 😂😂 Afadhali yako, unaona upande wa pili.

Chuma_Chakavu: Tukiwa hapa hapa, nani kachukua zulia langu la mpira la kusimamia? Juzi nimesimama kwenye saruji tupu zamu nzima, nyayo zinawaka.

Mama Cherehani: La bluu?

Chuma_Chakavu: Jeusi.

Mama Cherehani: Basi sijaliona.

Mzee wa Zamu: Kwa nini umeuliza kama ni la bluu?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Sanduku lilikuwa TUPU.

Chuma_Chakavu: Kausha kwanza mkuu. Mama Cherehani, hilo la bluu umelitoa wapi?