Uher ya marehemu babu inaburuta sauti

Mkunazini: Assalaam alaykum. Nimerithi Uher 4000 Report ya babu, mashine ya kurekodia na kuchezea kanda za sauti, pamoja na kanda za taarab alizorekodi harusini, lakini sauti inaburuta na kuwa nzito. Nianzie wapi?

Wete: Waalaykum salaam, mwanangu. Usizicheze kwanza kanda hizo, kwani hazina mbadala, na mashine inayosuasua inaweza kuzikunja. Ifungue utazame ukanda wa mpira unaozungusha gurudumu zito, maana kwa joto letu la pwani huyeyuka ukanata kama gundi. Kisha usafishe vichwa, yaani sehemu zinazosoma sauti kwenye kanda, kwa pamba na spiriti.

Ng'ambo: Tazama pia kasi. Kanda iliyorekodiwa kwa sentimita 9.5 kwa sekunde, ikichezwa kwa 4.7, huwa nzito vivyo hivyo.

Mkunazini: Ilikuwa kwenye 4.7! Mpira nao nitaubadilisha, inshallah, kabla sijaigusa kanda nyengine.