ATtiny85 au ATmega yenye kristali? Draiva ya USB ya programu kwa kipimo cha ghala la karafuu

MtotoWaWete
Assalaam alaykum wadau. Wiki ya pili hii nahangaika peke yangu, sasa nimesalimu amri. Mzee ana ghala dogo la karafuu hapa Wete, na mvua za msimu huu hazina adabu: asubuhi mnaanika, kabla ya adhuhuri mnakimbilia kuanua. Karafuu ikiingia guniani na unyevu inavunda, na hasara ni ya mwenye gunia. Nataka kifaa kidogo cha kupima joto na unyevu wa hewa, kichomekwe kwenye laptopu kuukuu iliyopo ghalani, kiandike kila dakika. Nahitaji vitano, vingine vya majirani.

Natumia V-USB ya Objective Development, ile inayoifanya AVR (jamii ya chipu ndogo kama ATtiny na ATmega) isiyo na USB yake izungumze USB kwa programu tupu. Nimekwama kati ya njia mbili. Moja ni ATtiny85 kwa 16.5 MHz, saa ya ndani ya chipu, bila kristali (kijiwe cha nje kinachoshika mpigo wa saa), kitu kizima kinaenea kidoleni. Nyingine ni ATmega328P na kristali ya 12 MHz, pini tele lakini risasi ya kuchoma nayo tele. Kihisi ni DHT22, ninavyo vitano tayari.

ATtiny nimeshaijaribu. Kompyuta inaiona, inaipoteza, inaiona tena, kama redio ya betri zilizochoka. Nihamie kwenye kristali?

FundiMlandege
Wa alaykum salaam. Hamia, yakhe, uondokane na tabu.

Hesabu yake hii hapa. USB ya kasi ya chini ni biti milioni 1.5 kwa sekunde. Kwa 12 MHz kila biti inapata mizunguko 8 kamili, kwa 16.5 inapata 11. Ndiyo maana draiva haikubali kasi yoyote utakayo, ni 12, 12.8, 15, 16, 16.5, 18 na 20 tu, na kila moja ina faili lake la asembli. Ukiandika nyingine kwenye USB_CFG_CLOCK_KHZ, mstari wa mpangilio wa draiva, haikompaili.

Sasa, saa ya ndani ya ATtiny85 ikitoka kiwandani inaweza kupotoka hadi asilimia 10, na USB haitaki hata 2. Draiva inajinusuru kwa kuirekebisha OSCCAL (rejista inayoharakisha au kuchelewesha saa ya ndani) pale kompyuta inapotuma riseti, na msimbo wa 16.5 unavumilia kama asilimia 1 hivi. Lakini riseti inakuja mara moja, ukichomeka. Ghala lako la mabati saa saba mchana si ghala lile la alfajiri. Joto likibadilika saa nayo inahama, na hakuna wa kuirudisha.

UmmuSalim
Kaka Fundi, hesabu yako sahihi, ila mgonjwa umempa dawa ya mwenziwe. Nina ATtiny85 tatu skuli kwetu Unguja, watoto wanazichomeka na kuzichomoa mwaka wa pili huu, na dari letu ni bati lile lile.

Mdogo wangu wa Wete, tatizo ni DHT22. Kile kihisi kinatuma biti 40 kwa mpigo wake chenyewe, na sifuri na moja zinatofautiana kwa urefu wa mpigo tu, karibu maikrosekunde 27 dhidi ya 70. Maktaba nyingi zinaanza kwa cli(), amri ya kufunga intarapti (miito ya kukatiza kazi), ili zisikatizwe wakati zinahesabu, na intarapti zinabaki zimefungwa milisekunde nne, tano. V-USB inataka intarapti yake ihudumiwe ndani ya mizunguko isiyozidi 25 hivi, yaani maikrosekunde mbili kwa 12 MHz. Kompyuta inabisha hodi, ndani kimya, mwisho inakata tamaa. Na ukiziacha intarapti wazi, USB itaingilia katikati ya biti na kipimo kitakuja kibovu.

Kwa hiyo hata ukihamia ATmega yenye kristali ya dhahabu, ukibeba DHT22 umebeba na ugonjwa. Tafuta AHT20 au kihisi chochote cha I2C (mawasiliano ya waya mbili, wa data na wa saa). Huko saa unaipiga weye mwenyewe. Ukikatizwa katikati kihisi kinasubiri.

Baharia_Mkoani
Mbona mnajitesa? Pro Micro ina ATmega32U4, USB iko ndani ya chipu. Au Nano ya CH340, chipu ya USB iliyo pembeni yake, unaandika Serial.println unalala zako.

FundiMlandege
Kwa kifaa kimoja, hata mie ningefanya hivyo. Kijana ana vitano na chipu tayari mkononi. Dada Umm, la DHT22 nimelikubali, sikulisoma swali vizuri. La joto sijaliacha.

MtotoWaWete
Ahsanteni. AHT20 nimeagiza Dar, zimekuja kwa boti. Nimeiweka kwenye ATtiny, imetulia zaidi, lakini bado kila dakika inapotea mara moja. Ni pale pale inapopima. Nahisi kurogwa.

UmmuSalim
Hujarogwa. Baada ya kuiamuru AHT20 ipime unangoja kiasi gani?

MtotoWaWete
_delay_ms(80), kama karatasi yake inavyosema.

UmmuSalim
Basi ndiyo hiyo. usbPoll(), ile kazi ya V-USB ya kuihudumia kompyuta, lazima iitwe angalau kila milisekunde 50, na weye unalala 80. Zigawe: zungusha mara 80, kila mzunguko milisekunde moja kisha usbPoll().

Na pini umezipangaje? Kwenye ATtiny85, INT0 (pini ya intarapti) ni PB2, na PB2 hiyo hiyo ndiyo SCL, waya wa saa wa I2C, ya USI (sehemu ya chipu ya mawasiliano). Kama D+ (mmoja wa waya mbili za data za USB, mwenziwe D-) umeiweka hapo, I2C yako unaiendesha kwa kubahatisha. Fanya kama Digispark: D- PB3, D+ PB4, kisha kwenye usbconfig.h, faili la mpangilio wa V-USB, USB_INTR_CFG iwe PCMSK, USB_INTR_ENABLE iwe GIMSK, biti yake PCIE, na vekta PCINT0_vect. Kwenye PCMSK iwake D+ peke yake.

MtotoWaWete
D+ nilikuwa nayo PB4, ila USB_INTR_PENDING niliisahau, ilikuwa bado ya INT0. Nimeiweka GIFR, na biti PCIF. Nimezigawa zile 80 pia. Tangu jana alasiri haijapotea!

Kabla sijasahau, na hili liwafae wengine: ya kwanza kabisa haikuonekana na kompyuta hata kidogo kwa sababu ya zena, zile diodi za kuzuia volti za waya za data zisipande. Duka moja mjini liliniuzia za wati moja, 3.6 V sawa sawa, lakini za wati kubwa zina kapasitansi kubwa na zinaziviringa kingo za mawimbi. Nilipoweka za nusu wati ikaonekana papo hapo.

FundiMlandege
Hilo limewaua wengi. Kuna wanaoziepuka zena kwa kuilisha chipu 3.3 V. Usithubutu kwa ATtiny hiyo. Kwa volti hizo inastahimili kama 13 MHz tu, na weye unaiendesha 16.5. Ibaki 5 V na zena zako, rezista za omu 68 kwenye waya mbili za data, na 1.5k ya kuvuta D- juu. Hapo ndipo kristali ya 12 MHz inaponipendeza: kwa 3.3 V bado iko salama, zena hazihitajiki.

MtotoWaWete
Nimeamua: vitatu ATtiny, viwili ATmega yenye kristali, vile viwili vikae kwenye ghala la mabati la jirani. Nikishindwa hoja na mmoja wenu, mwenziwe atafurahi. Nimetumia HID (aina ya vifaa kama kibodi), VID 16C0 na PID 05DF, namba za mtengenezaji na za kifaa, zile za bure, Windows haikudai draiva. Sasa, siku vikiwa viwili kwenye laptopu moja nitavijuaje?

UmmuSalim
Namba hizo ni za kushirikiana, wengi wanazitumia, kwa hiyo usiviamini kwa namba. Programu yako isome jina la mtengenezaji na la kifaa, kisha kila kimoja kipe namba yake ya utambulisho (serial) tofauti kwenye USB_CFG_SERIAL_NUMBER. Na urefu wake uuandike sawa kwenye USB_CFG_SERIAL_NUMBER_LEN. Mie niliacha wa zamani, nikapoteza Jumamosi nzima.

Baharia_Mkoani
Nano ya CH340 ingekuwa imeshamaliza msimu.