Dalili zipi za mvua zinaaminika nyumbani shamba?

MamaKitalu

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo kwa mnaoishi shamba mwaka mzima, si wa kuja Jumamosi na kuondoka Jumapili.

Nyuma ya nyumba nina bustani ya kawaida tu: matuta ya mboga, mpapai, migomba inayokunywa maji ya bafuni, na mwembe mkubwa ambao ulikuwepo kabla ya nyumba. Kila kiangazi kikielekea mwisho, majirani wanageuka watabiri. Mwembe ukitoa majani mapya mekundu, mvua i karibu. Mbayuwayu wakijipanga kwenye waya, mvua hiyo. Dudumizi akilia kichakani alfajiri ndiyo basi tena, watu wanatafuta majembe. Juzi usiku ikanyesha kweli, na ilipopambazuka kumbikumbi wakamiminika kutoka kwenye kichuguu cha kando ya uzio, kuku wakala mpaka wakawa wanatembea kwa shida. Nikaambiwa nipande upesi.

Sasa jua limerudi linachoma na mbegu bado ziko kwenye mfuko. Naomba kujua: katika hizo dalili, ipi inasema mvua imekuja kukaa, na ipi inasema tu kwamba imenyesha?

---

Daftari la Mzee

Mama, nusu ya jibu umeiandika mwenyewe hapo mwisho. Mimi nina daftari la mambo ya uani, la miaka kadhaa sasa, na faida yake kubwa imekuwa kuninyang'anya imani niliyokuwa nayo kwa baadhi ya hao watabiri.

Anza na kumbikumbi. Hawatabiri chochote. Wanangoja udongo ulowe, maana dume na jike wakishatua na kukata mabawa inabidi wachimbe wajifukie waanzishe ukoo mpya, na ardhi kavu haichimbiki. Ukiwaona, ujue maji yameshaingia ardhini. Ya kesho hawayajui. Jongoo ni hivyohivyo.

Mwembe usikuumize kichwa. Huchipua kwa awamu, tawi la huku leo, la kule mwezi ujao, hata katikati ya ukame. Na iko miti ambayo hutangulia mvua kwa majuma: miyombo huvaa majani mapya, mengine mekundu kabisa, wakati chini bado ni vumbi, kwa kutumia maji yaliyo kwenye shina na kule ilikozamisha mizizi. Ukipanda kwa kuufuata muyombo utapanda kwenye majivu. Mimi nina mgunga mmoja mashariki ya boma, ule wanaouita kitaalamu *Faidherbia albida*, ambao ni mbishi kuliko yote: mvua ikianza unapukutisha, kiangazi unavaa. Wageni wakiuona masika wananishauri niukate, eti umekufa.

Mbayuwayu ndio nataka uwatazame vizuri, kwa sababu hapo kuna ndege wawili na watu wanawachanganya. Wale wanaojaa kwenye waya mwezi wa kumi, wenye koo la rangi ya kutu na mshipi mweusi wa buluu chini yake, ni wageni kutoka Ulaya. Wamekimbia baridi, maana kule wadudu wa kuruka wanakwisha. Safari yao inafuata kalenda ya huko kwao; wakikuta kwako kumekauka, wanakaa vivyo hivyo mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Lakini wapo wenyeji, wenye kichwa chekundu na michirizi myeusi kifuani, wanaojenga chini ya paa kwa tope. Hao ndio wangu. Simama barazani uangalie: ndege anakuja na kidonge kimoja cha tope mdomoni, anakibandika, anatetemesha kidevu kidogo ili kikamate, anaondoka. Kazi ya leo ni mbichi na nyeusi, ya jana imeshageuka kijivu. Mstari mweusi ukiongezeka kila siku bila kuruka, maana yake kuna dimbwi mahali fulani ambalo halikauki. Ukiona ukingo wote umekuwa kijivu na ndege wamekaa tu, mvua imekatika, hata kama mawingu yanakutia moyo.

---

Kijana wa Bondeni

Mzee shikamoo. Mengine yote nakubali, ila kwa dudumizi nakataa. Huyu ndege sauti yake inateremka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, na sisi huku akilia hatuanui nguo kwa mzaha. Hewa ikiwa nzito anajua.

---

Daftari la Mzee

Marahaba mwanangu. Sijasema ni mwongo. Hewa ikijaa unyevu analia, ndiyo. Tatizo ni kwamba analia pia mvua ikishapita, na wakati wa kutaga halali wala halazi. Mimi nilianza kuandika siku aliyolia, na siku hiyo hiyo naandika kilichofuata, imenyesha au haikunyesha. Fanya hivyo msimu mmoja tu. Siku alizopatia sote tunazikumbuka na kuzisimulia. Alizokosa hakuna aliyeziweka kichwani.

---

Kivuli cha Saa Sita

Niongeze upande wa juu, maana wote mmeinama chini.

MamaKitalu, simika fimbo iliyonyooka uani, uangalie kivuli chake saa sita na kitu mchana. Kuna kipindi kivuli kinajifuta kabisa: jua limekuwa la utosi. Kwenye ikweta hiyo ni karibu na Machi 21 na Septemba 23. Ukiwa kusini kidogo, linakupita Oktoba likishuka, na linarudi kukupita tena kabla ya hiyo Machi 21. Ardhi ikipigwa hivyo hewa inapanda, pepo za pande mbili zinakutana, na mkanda wa mvua unalifuata jua ukiwa nyuma kwa majuma kadhaa. Ndiyo sababu ya kuwa na vuli na masika. Fimbo itakuambia mlango umefunguliwa. Nani ataingia ni habari ya bahari. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi upande huu wa Afrika ilipata joto kuliko kawaida, vuli ikamwagika mpaka watu wakachoka. Miaka iliyofuata, kwingine vuli haikuonekana.

Kuna mdudu mmoja ambaye hakutajwa na anastahili. Kereng'ende wa rangi ya manjano iliyokolea, wanaotokea kwa makundi mwezi wa kumi na moja hivi na kuzunguka juu ya uwanja bila kutua. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, aliandika kwamba kereng'ende hao hupita visiwani humo kwa mamilioni, visiwa ambavyo karibu havina maji baridi juu ya ardhi, na akaeleza kuwa wanatoka India kuja Afrika Mashariki kuvuka bahari. Wanabebwa na pepo za huohuo mkanda wa mvua, kwa sababu wanataga kwenye madimbwi ya muda. Miti ina akiba yake, mbayuwayu wa Ulaya ana kalenda yake. Huyu anasafiri na mvua yenyewe. Nikiwaona wengi jioni, siku mbili tatu mfululizo, mimi huanza kufungua matuta.

---

Daftari la Mzee

Hapo kwenye kereng'ende umenipata. Nimekuwa nikiandika "kereng'ende wengi" pembeni ya ukurasa bila kuwapa safu yao. Nitawapa.

---

Tone kwa Tone

Naona hakuna aliyetaja kopo. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako sawa, weka wazi, asubuhi pima kwa rula. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hiyo unajua hata kila tuta limepata lita ngapi. Kipimo kinachotumiwa sana na watu wa hali ya hewa kuhesabu msimu umeanza ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, kisha kusiwe na ukame wa zaidi ya siku kumi mfululizo baada yake. Kwenye karatasi kinapendeza. Kwa mwenye mbegu mkononi kina kasoro moja ya kuchekesha: unathibitisha kwamba mvua ilianza wakati majirani wameshapalilia.

Kwa hiyo mimi natumia kopo pamoja na jembe. Chimba shimo dogo kwenye tuta, utaona mstari ambapo udongo mweusi uliolowa unaishia na mkavu unaanza. Chukua wa chini, ufinye. Ukishikana, sawa. Ukimwagika kati ya vidole, mbegu itaota kwa unyevu wa juu, halafu mzizi utashuka ukute hakuna kitu.

---

MamaKitalu

Asanteni sana wote, na wazee shikamooni. Nimetoka sasa hivi na jembe. Unyevu umefika upana wa kiganja, chini ya hapo ni unga mtupu. Chini ya paa kuna kikombe cha tope cha mbayuwayu wenye michirizi, nusu yake imejengwa, na chote kimeshakuwa kijivu. Kwa hiyo mbegu zinabaki mfukoni, anayenicheka acheke.

Swali la mwisho: kopo niliweke wapi? Uani kote mwembe umetanda.

---

Tone kwa Tone

Litoe mbali na mwembe, angalau mara mbili ya urefu wake, na mbali na ukingo wa paa pia. Lipandishe juu ya kigingi ili matone yanayoruka kutoka ardhini yasiingie, na ulifunge kwa waya. Kuku wako wakimaliza kumbikumbi watakuja kunywa humo, halafu utatuletea takwimu za ukame.