Naomba ushauri: laptop ya nyumbani kwa laki nne na nusu, nichukue ipi?

Mtoto wa Kihonda
Wakuu habari za jioni. Nina 450,000, nataka laptop ya matumizi ya kawaida tu ya nyumbani. Mama ni mwalimu mstaafu yuko Moro, ndiye katibu wa kikoba chao, amechoka kuchora mistari kwenye kaunta buku. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, ataombea chuo na mkopo humo humo. Sinema mbili tatu, kwaya za YouTube, basi. Hakuna gemu wala kuhariri video. Macho yamegonga HP EliteBook 840 G3, i5, RAM 8, SSD 256. Inafaa? Naomba majibu ya haraka, kesho saa nne asubuhi natakiwa niwe nimeshaamua.

Siti ya Dirishani
Nimekaa pale. Ngoja waje wataalamu.

FundiBodi
Mkuu, mashine za G3 ni ngumu, nimefungua nyingi. Shida yake ni umri. Prosesa yake, hiyo i5, ndiyo ubongo wa mashine, ni kizazi cha 6, na Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha 8. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Haijazimwa, itawaka kama kawaida, ila matundu ya usalama yakigundulika hakuna wa kukuzibia bure siku zote. Na mama anatunza hesabu za hela za watu.

Ukiambiwa "ni i5 hii kaka" usiishie hapo. I5 ya 2011 ni i5 na ya 2018 ni i5. Soma namba baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Jikaze uongeze kidogo utafute 840 G5, ThinkPad T480 au Latitude 7490. Kama hela haiongezeki, G3 safi iwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, LibreOffice inakuja humo humo bure na mafaili ya Excel inafungua.

Mama Pacha
Mimi nitamwambia kitu kimoja tu: usinunue mpya za bei chee. 2019 nilinunua mpya kabisa, na boksi lake, na nailoni juu ya kioo, laki tano na nusu. Nikajiona nimewapiga bao watu wa mitumba. Kumbe hifadhi yenyewe ni GB 32, imechomelewa kwenye bodi, huwezi hata kubadilisha. Windows peke yake ikaketi humo kama mgeni asiyeaga. Kila sasisho likija, nafasi haitoshi. Nimefuta picha za ubatizo wa wanangu kuipisha Windows! Siku hizi watoto wanaiwekea madaftari juu, ni meza.

Mzee wa Tabata
Mama mstaafu laptop ya nini? Kaunta buku haiishi chaji, haina kirusi, haiibiwi. Kikoba chetu kina miaka kumi na moja tunaandika kwa kalamu. Kilichovunjika ni cha mtaa wa pili, kile chenye kompyuta. Vijana mnapenda kuwanunulia wazazi vitu mnavyovitaka nyinyi.

Otero wa Umoja
Laptop hizi za mitumba huku Nairobi tunaziita ex-UK. Hiyo G3 ninayo, kazi safi sana, lakini betri ilikuwa dakika arobaini, sasa imekufa kabisa. Saa hii ni kompyuta ya mezani tu, ukigusa soketi inazima na kazi yako yote imeenda.

FundiBodi
Mwanzisha uzi, nilisahau kuuliza. Kesho saa nne kuna nini? Maduka hayafungwi kesho.

Mtoto wa Kihonda
Asanteni wakuu. Mkuu Fundi, kuhusu Windows, nadhani kwa mama haina shida sana, hafungui vitu vya ajabu. Saa nne ni kwamba jamaa anakuja kuchukua salio. Nimeshatoa kianzio kidogo.

Mama Pacha
Kidogo shilingi ngapi mwanangu?

Mtoto wa Kihonda
Laki mbili. Bei yake 380,000. Lakini si mtu baki, ni shemeji. Na mashine ninayo hapa ghetto tangu Jumamosi. Ni bati tupu, kioo kisafi, kibodi inawaka taa usiku. Dukani sipati hii kwa bei hii.

Siti ya Dirishani
Hahahaha. Kumbe tunaombwa ushauri wa harusi wakati mahari imeshaliwa.

FundiBodi
Sawa, kama unayo hapo fanya mambo mawili. Iwashe huku unabonyeza F10 mfululizo, uone kama mipangilio inafunguka. Halafu ukishaingia Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, itatengeneza faili la ripoti. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na inachoshika leo.

Mtoto wa Kihonda
Hapo kwenye F10 nilitaka kusema. Inadai paswedi. Ila Windows inaingia bila shida, na shemeji amesema paswedi atanipa nikimaliza deni. Mimi naona ni haki yake, ni kama mtu kushikilia kadi ya pikipiki.

FundiBodi
Mkuu. Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza.

Mashine hizi za biashara, paswedi ya BIOS, yaani ya hiyo mipangilio ya F10, haitoki kwa kuchomoa kabetri ka ndani. Inakaa kwenye chipu. Kuitoa ni kazi ya fundi mwenye vifaa, na ni hela. Na mara nyingi anayeweka paswedi pale ni idara ya kompyuta ya ofisi, mtu binafsi ni nadra. Shemeji anafanya kazi gani?

Kisoda
Samahanini, nakatisha. Hii ni chai, tena ya tangawizi. Huyu jamaa Disemba alianzisha uzi jukwaa la mahusiano akilia kwamba ana miaka 29, hajaoa, hana hata mchumba, ndugu wanamsakama. Leo shemeji katokea wapi?

Mama Pacha
Kisoda nawe. Mume wa dada yake si shemeji? Lazima aoe yeye ndiyo apate shemeji?

Kisoda
Sawa, basi huyu ndiye shemeji mwenyewe! Ana mashine haiuziki, anapima upepo. Soma tena: "bati tupu, kioo kisafi, kibodi inawaka taa." Mnunuzi mwenye wasiwasi anaongea hivyo? Hilo ni tangazo la dalali. Subirini, ukurasa wa tatu atasema anaiuza kwa hasara kwa mwenye uhitaji.

Mzee wa Tabata
Mimi nilihisi tangu mwanzo. Kaunta buku halina paswedi.

Otero wa Umoja
Sisi huku mume wa dada ni shemeji pia, ama?

Mtoto wa Kihonda
Kisoda, uzi wa Disemba ni wangu, na sijaoa mpaka leo, sijui hilo linaongeza nini kwenye RAM. Shemeji ni mume wa dada yangu. Mimi si dalali.

Ripoti nimeitoa. Kiwandani betri ilikuwa 46,000 na ushee, leo inashika 17,000. Halafu juu kabisa kuna sehemu ya jina la kompyuta. Imeandikwa MHASIBU-02.

Siti ya Dirishani
Mungu wangu.

FundiBodi
Shemeji ni mhasibu?

Mtoto wa Kihonda
Ni dereva. Dereva wa ofisi.

Ila jamani msimhukumu. Alisema walipewa kama asante ofisi ilipobadilisha vifaa.

FundiBodi
Inawezekana kabisa. Ofisi huuza vifaa chakavu kwa wafanyakazi kila siku. Lakini hukabidhiwa kwa karatasi, na mtu wa kompyuta huifuta na kutoa paswedi. Mwombe karatasi, kwa upole, kabla ya salio. Usimtaje mhasibu.

Mama Pacha
Na umwombe mbele ya dada yako. Hapana, nimeghairi. Mwombe akiwa peke yake.

Mtoto wa Kihonda
Mrejesho wakuu. Kaja saa nne kamili, mtu ambaye kwenye kipaimara cha mwanawe alichelewa. Nikamwuliza karatasi. Akacheka, akasema siku hizi umekuwa polisi. Akaichukua mashine na chaja. Kanirudishia 120,000, themanini iliyobaki mwisho wa mwezi. Saa tano dada kapiga simu, nimemdhalilisha mume wake. Sasa nina 370,000 na simu ya dada siipokei.

Kisoda
Picha ya hiyo ripoti iko wapi?

Mtoto wa Kihonda
Ilikuwa ndani ya laptop.

Kisoda
Hahaha, haya. Tangawizi na mdalasini.

FundiBodi
Kwa 370,000 tulia mpaka themanini irudi. Ukienda dukani nenda mchana, chomoa chaja wakati unaikagua, F10 iwe kitu cha kwanza.

Siti ya Dirishani
Mkuu, samahani, ile ya shemeji bado anayo? Mimi nahitaji kioo tu.