Daftari la ujenzi: "mfuko" ni pesa au saruji?

Muulizaji, Malindi
Assalam aleikum ndugu zangu. Tunaandaa daftari la ukarabati wa madrasa na neno "mfuko" limejaa kila ukurasa: michango, saruji, mpaka mchanga. Tuandikeje ili msomaji asikwame? Na mfuko mmoja wa saruji hutoa zege kiasi gani?

Jibu la 1
Waaleikum salaam. Pesa ziiteni "hazina ya ujenzi", kiasi kiandikwe kwa shilingi. "Mfuko wa ujenzi" nao ni sahihi, na Tanzania ndio utumikao hata katika majina rasmi, kama Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Lakini mkiandika "mfuko wa ujenzi" na chini yake "mifuko 12", mkaguzi atauliza. Vifaa vitajwe na uzito: "saruji, mifuko 12 ya kilo 50".

Jibu la 2
Kwa zege la 1:2:4 (saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne), mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35. Tumieni ndoo ya lita 20: mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, maji lita 25 hivi, yapungue mchanga ukiwa umelowa. Mtapata takriban lita 160 za zege. Msikubali kabisa mchanga wa ufuoni: chumvi yake hula nondo, kutu ikavimba na zege likapasuka. Mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi kumi kwenda juu. Hewa ya pwani ina unyevu. Saruji yenye mabonge yasiyopondeka kwa vidole haifai tena.

Jibu la 3, Lamu
Mchanga msiuandike kwa mfuko, maana hauna kipimo kimoja. Huku unabebwa na punda kwa shogi: mfuko mrefu wenye mdomo katikati, unaolazwa mgongoni ukaning'inia pande mbili. Upande mmoja ukizidi, wote unateleza na punda anaumia. Pimeni shogi moja kwa ndoo kwanza, kisha daftarini muandike ndoo.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Na mfuko uliofunguliwa ukabaki nusu?

Jibu la 2
Andika kilo zilizobaki, funga mdomo barabara, na utumike kabla ya kufungua mwingine.