Flutter: bei inatoka 1500000.0, nifanyeje isomeke TSh 1,500,000?

fundi_mpya: Habari zenu wakuu. Najifunza Flutter (zana ya kutengeneza programu za simu kwa lugha ya Dart), natengeneza kaprogramu ka duka la vifaa vya ujenzi, bidhaa zinaingia fresh ila bei ndo inanitoa jasho, nikiweka milioni moja na nusu inatoka 1500000.0 yani mteja inabidi ahesabu sifuri kwa kidole. Nimejaribu toStringAsFixed(2) ikanipa 1500000.00, koma hamna. Kuna njia ya mkato au niandike fanksheni ya kukata tarakimu tatu tatu mwenyewe?

babu_dart: Usijitese, hiyo kazi ishafanywa. Weka pakeji ya intl (ya kupanga namba na tarehe) kwenye pubspec.yaml, lile faili la kuorodhesha pakeji za mradi, alafu:

final pesa = NumberFormat.currency(locale: 'en_US', symbol: 'TSh ', decimalDigits: 0);
Text(pesa.format(bei))

Hiyo nafasi baada ya TSh usiiruke, bila hiyo inagandana TSh1,500,000. Na locale (lugha na nchi ya mtumiaji) ndo inaamua koma au nukta, ukiweka ya Kijerumani 'de_DE' utapata 1.500.000 na alama ya pesa inahamia nyuma, mteja wa Kariakoo atadhani ni shilingi moja na nusu 😂

juma_wa_pwani: Babu yuko sawa ila mnamuacha na tatizo kubwa zaidi. Hiyo .0 inaonyesha bei kaihifadhi kama double, yani namba yenye desimali. decimalDigits: 0 inaficha tu desimali, haiziondoi. Chukua vitu vitatu vya 333.40, kila mstari wa risiti utaandika 333, jumla inakuja 1000.20 kwahiyo inaandika 1,000, mteja akijumlisha mwenyewe anapata 999 na hapo ugomvi unaanza. Hifadhi int (namba nzima), na ukipiga VAT ya 18% fanya round(), yani izungushe iwe namba nzima, pale pale kabla hujajumlisha. Kwa double hata 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004, pesa za watu hazitaki hivyo.

otis_254: Huku Kenya senti bado ziko kwa bei, so mimi huhifadhi senti kama int, 149.50 inakaa 14950, nagawa kwa 100 wakati wa kuonyesha tu na decimalDigits naweka 2. Kwa ISO 4217 (kiwango cha kimataifa cha kodi za sarafu) TZS ya Tanzania na KES ya Kenya zote zina desimali mbili, UGX ya Uganda na RWF ya Rwanda hazina kabisa, so usiachie mfumo ukuamulie, andika mwenyewe.

fundi_mpya: Imekubali aisee, asanteni sana! Sasa kuna kingine, muuzaji akiandika 15,000 kwenye TextField (kisanduku cha kuandikia) nikipiga int.parse ili maandishi yawe namba, programu inalia kosa la FormatException.

babu_dart: int.parse haijui koma. Ondoa kwanza: int.tryParse(maandishi.replaceAll(',', '')), hiyo tryParse ikishindwa inarudisha null (yani hamna kitu) badala ya kulia, we ukikuta null mwambie muuzaji aandike bei upya. Kama hutaki shida kabisa weka FilteringTextInputFormatter.digitsOnly kwenye inputFormatters za hiyo TextField, hapo hata koma yenyewe haitaandikika.

juma_wa_pwani: Na usije ukahifadhi "TSh 15,000" kwenye databezi mkuu, nimeona wengi wanafanya hivyo. Hayo ni maandishi, siku ukitaka kupanga bidhaa kwa bei "TSh 15,000" itakaa juu ya "TSh 2,000" sababu 1 inatangulia 2. Databezi ipewe 15000 tupu, mapambo yabaki kwenye Text().