Eti "nani kakushauri uvae Bundi?" SI NI WEWE!

Barafu_Tupu:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka Scarlet Monastery sasa hivi, lile pango la mapambano ndani ya gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft, hata kompyuta sijazima, na nisipolisema hili leo nitapasuka.

Simtaji jina. Haina haja. Kila anayecheza World of Warcraft Classic na kundi letu la usiku anamjua. Yule anayeegesha farasi wake mbele ya benki ya Orgrimmar ili watu wamwone. Yule ambaye kila sentensi yake inaanza na "mimi nimeanza 2005". Umeshamjua. Huyo huyo.

Sasa sikilizeni. Nikiwa levo 18, mchawi wangu bado mchanga, niliuliza kwenye chama chetu cha wachezaji, kwa adabu zote: jamani, nguo za kupandia levo nichukue za Tai au za Bundi? Kwa wasiojua, nguo za kijani zina majina ya wanyama. Tai ni stamina (uhai) na akili (inaongeza mana, yaani nguvu ya kurushia uchawi). Bundi ni akili na roho. Nyangumi ni stamina na roho. Dubu na Tumbili waachie wapigaji wa mikono. Swali langu lilikuwa la mstari mmoja.

Akajibu yeye. Hakuna aliyemwita. "Bundi, dogo. Roho ndiyo mana. Mchawi asiye na roho ni mpishi tu." Nikashukuru. Nikamwita mkuu. NIKAMWITA MKUU!

Kuanzia hapo nikawa mtumwa wa Bundi. Kila hariri niliyookota nikauza. Kila shaba iliyoingia ikaenda mnadani. Joho la Bundi, mabega ya Bundi, mkanda wa Bundi, viatu vya Bundi, mpaka bangili. Wenzangu wanaweka akiba ya farasi wa levo 40, dhahabu kama 100 hivi, mimi nanunua ndege wa mkosi. Kwetu bundi akitua juu ya paa bibi anatoka na kijinga cha moto kumfukuza. Mimi nimemvaa kuanzia begani hadi kisiginoni, kwa hela yangu.

Kwa levo 15 nzima, kutoka 18 hadi 33, nimekufa. Nimekufa Hillsbrad, nimekufa Stranglethorn, nimekufa hadi yule malaika wa makaburini akiniona anasogea pembeni nipite. Simba mmoja ananigusa mara tatu, nimelala. Nikawa najilaumu mwenyewe, nasema labda vidole vyangu vizito, labda bando, labda ping, ule mtandao kuchelewa.

Leo sasa. Tuko Maktaba, sehemu mojawapo ya Scarlet Monastery, bosi ni Arcanist Doan. Yeye kaja na mpiganaji wake wa levo 38, ndiye tanki, yaani mpokea vipigo. Mimi levo 33. Wanaomjua Doan wanamjua: anapiga vimlipuko vyake vya karibu, anaziba watu midomo, na akifika nusu ya uhai anajifunika povu halafu anavuta pumzi ya ule mlipuko mkubwa. Vile vimlipuko vidogo vilishanila nusu. Povu likaja, nikakimbia mlangoni, mlipuko ukanikuta hatua mbili kabla sijatoka. Nikalala kwenye zulia jekundu, uso chini.

Doan akafa. Sawa. Mganga anakunywa maji aninyanyue. Na yeye, badala ya kusema pole, akaja kusimama juu ya maiti yangu, akafungua kunikagua nguo moja moja, halafu akaandika kwa kundi zima:

"Nani kakushauri uvae Bundi?"

Wakuu.

NANI KAKUSHAURI UVAE BUNDI?

Aliandika vizuri kabisa, herufi kubwa mwanzoni, alama ya kuuliza mwishoni. Hakutetereka. Yule mwenye mhusika wa mwizi alicheka. Mwindaji alicheka, hadi mnyama wake alikuwa kama anacheka. Mimi maiti, siwezi hata kusimama nijitetee. Nikaandika "ni wewe mkuu", akajibu "mimi? Dogo, mimi siwezi kumshauri mtu Bundi, kila mtu anajua mchawi ni Tai."

Kila mtu anajua. KILA MTU ANAJUA! Mimi si mtu?

Na kweli, baada ya kutolewa kwenye kundi (ndiyo, alinitoa, akaingiza mchawi mwingine) nimekaa nikasoma. Kumbe roho hairudishi mana ukiwa unapiga. Ukitumia mana kurusha uchawi, inabidi zipite sekunde 5 bila kutumia tena ndipo roho ianze kazi. Mchawi wa barafu anarusha mfululizo, hizo sekunde 5 anazipata wapi? Na vita vikiisha tunakaa chini tunakunywa maji tunayojitengenezea wenyewe bure. Roho ya nini? Wakati stamina moja ni uhai 10, akili moja ni mana 15. Hesabu ya darasa la pili. Levo 15 nimebeba roho kama gunia la chumvi kwenye mvua.

Lakini siyo hesabu iliyoniuma. Angeniambia "dogo nilikosea" ningesema yameisha. Anasimama juu ya maiti yangu, miguu iko juu ya mgongo wangu kabisa, anauliza NANI. Nani kakushauri. Nani!

Sijalala, na sitalala.

---

Mzee wa Bando:

Naweka kiti hapa. Mleta uzi, nimecheka mpaka mke wangu kaamka kuuliza kuna msiba gani.

---

Kete_98:

Namjua huyo. Mimi aliniambia levo 22 kwamba mwizi avae Dubu. Sijawahi kusema popote. Leo nasema.

---

Buda wa Ngao:

Manze pole, lakini wewe pia. Mtu akikuambia uvae kitu, huwezi kufungua ukurasa usome stamina inafanya nini? Levo kumi na tano, buda. Hata punda anajifunza njia ya kisimani kwa siku mbili.

---

Barafu_Tupu:

@Buda wa Ngao nilimwamini mtu mzima! Mtu mwenye levo 60, mwenye joho la zambarau, kasema. Ningeanzaje kumpima? Na suala si mimi kusoma. Suala ni yeye kuuliza NANI.

---

PadriWaKivuli:

Jamani msimtukane Bundi hovyo. Kwa padri Bundi ni chakula. Sisi tuna kipaji cha Spirit Tap: ukiua adui anayetoa uzoefu, roho inaongezeka mara mbili kwa sekunde 15, na nusu ya mana inaendelea kurudi hata ukiwa unarusha. Tunapiga uchawi mara mbili tatu, halafu tunamalizia na kifimbo. Kifimbo hakili mana, zile sekunde 5 zinapita zenyewe. Mimi levo 13 nilimtafuta mtu wa kuroga silaha anitengenezee Greater Magic Wand, kutoka hapo hadi levo 20 na kitu sikukaa chini kunywa maji. Huyo bwana inawezekana alikuwa anazungumzia padri.

---

Barafu_Tupu:

Nilimwandikia "mchawi wangu". Picha ninayo. "Mchawi wangu, levo 18." Padri katokea wapi?

---

Mama Ntilie wa Orgrimmar:

Mwanangu Barafu, pole sana. Ila hiyo Evocation yako unaitumia? Ile inategemea roho. Sekunde 8 mana inajaa.

---

Kete_98:

Mama, Evocation ni mara moja kila dakika 8. Mtu avae Bundi mwili mzima kwa ajili ya sekunde 8? Ni kama kununua jenereta ya kuchajia simu.

---

Mtu wa Levo 34:

Cha kusikitisha mleta uzi alibakiza levo moja tu. Levo 34 mchawi anajifunza Mage Armor, asilimia 30 ya mana inaendelea kurudi hata ukiwa unarusha. Bundi angeanza kufanya kazi kidogo kesho yake.

---

Barafu_Tupu:

Umekuja kunimalizia kabisa?

---

Upinde Mmoja:

Mimi ndiye mwindaji niliyekuwepo. Sikucheka. Niliandika "hah" nikimaanisha nimeshangaa. Mnyama wangu hacheki, ni nguruwe. Na mlipuko wa Doan unachukua muda mrefu, sisi wanne tulikuwa mlangoni, mtu mmoja alisimama kwanza arushe barafu moja ya mwisho.

---

Kete_98:

Upinde Mmoja, kumbe ni wewe! Wiki iliyopita Doan alitoa ile Illusionary Rod, fimbo ya akili na roho, ukabonyeza kete ya "nahitaji" ya kugombea kilichoanguka, ukashinda. Mwindaji! Fimbo ya wachawi! Ulikuwa unaenda kupikia ugali?

---

Upinde Mmoja:

Akili inaongeza mana. Mwindaji ana mana. Fimbo mwindaji anaruhusiwa kushika. Kete ilinipa 91. Sasa kosa liko wapi?

---

PadriWaKivuli:

Kosa ni kwamba nilikuwa kwenye kundi hilo. Nilipata 88.

---

Mzee wa Bando:

Aah! Padri naye alikuwepo! Endeleeni.

---

Buda wa Ngao:

Wawindaji ni janga. Upanga ukianguka ni wao, shoka ni lao, kisu ni chao. Siku moja nilikuwa pango la Deadmines, bosi VanCleef akatoa Cruel Barb, ule upanga, nikiwa mpiganaji pekee kwenye kundi. Mwindaji akabonyeza. Akashinda. Nikamuuliza utautumiaje, akasema "unapendeza mgongoni".

---

Upinde Mmoja:

Unapendeza kweli.

---

Barafu_Tupu:

Wakuu, tusitoke nje ya mada. Mtu kasimama juu ya maiti yangu akauliza nani kanishauri.

---

Moto wa Kuzimu:

Nyie wachawi mnalialia sana. Sisi wa mashetani tunavaa stamina tangu levo 1, maana tunachoma uhai wetu wenyewe kupata mana. Kwetu swali la Bundi halipo. Na levo 40 farasi tunamwita wenyewe kwa uchawi, hatuchangishi dhahabu 100 kama mnachangia harusi.

---

Mama Ntilie wa Orgrimmar:

Huyu naye kaulizwa na nani?

---

Mzee wa Bando:

Mimi kero yangu ni nyingine. Juzi Cathedral, sehemu nyingine ya Scarlet Monastery, bosi Whitemane kashamfufua bosi mwenzake Mograine, tuko sehemu ya mwisho kabisa, umeme ukakatika. Mtaa mzima giza. Nikakimbilia simu nigawe mtandao, kufungua kompyuta betri asilimia 4. Narudi nakuta kofia ya Whitemane imeshachukuliwa. Kakofia kanakokaa vizuri kichwani kuliko zote levo zile, nilishakapangia na nafasi.

---

Buda wa Ngao:

Hapa kwetu umeme ni sawa, ping ndiyo shida. Seva ziko Ulaya, mimi niko Kasarani. Nikiinua ngao adui ameshafika nyumbani kula.

---

Kete_98:

Ping gani mkuu?

---

Buda wa Ngao:

190 usiku. Mchana usiniulize.

---

Mtu wa Levo 34:

Mimi Mwanza napata 170 na waya. Bila waya 240. Nunueni waya.

---

Mzee wa Bando:

Waya gani? Wa mita ngapi? Kipanga mtandao changu kiko chumba cha shemeji.

---

Barafu_Tupu:

Kaniandikia ujumbe sasa hivi. Anasema, nanukuu: "Dogo nimesikia unalalamika. Vaa Tai. Nilikuambia tangu mwanzo."

TANGU MWANZO!!!

---

Upinde Mmoja:

Hah.

---

PadriWaKivuli:

Pole sana ndugu yangu. Kwa kuwa sasa unahamia Tai, hilo joho la Bundi umeshalitupa? Ukishalivaa haliuziki tena, najua, lakini mabega na mkanda ambao hujavaa bado unao? Nina padri mdogo levo 29.

---

Barafu_Tupu:

Ninao mkanda wa pili na glavu. Nilinunua za akiba.

---

PadriWaKivuli:

Dhahabu 1 na fedha 20 kwa vyote viwili.

---

Mama Ntilie wa Orgrimmar:

Mwanangu usikubali. Mimi nina mganga wa pili, natoa dhahabu 1 na nusu.

---

PadriWaKivuli:

Mama, mimi ndiye nimeanza.

---

Upinde Mmoja:

Glavu ni za kitambaa? Natoa 2.

---

Kete_98:

WEWE TENA?